Nyumba ya Vitabu ya Kiyovu

Katika toleo hili la ukumbusho wa kambi yetu, Kamati imekubaliana kuandika habari za nyumba ambayo haipo tena. Baadhi ya wajumbe waliuliza kwa haki kabisa: tunayo mengi ya kwetu ya kukumbuka, basi kwa nini tutoe kurasa zetu kwa jengo la Kigali, tena la Kiyovu, mtaa ambao wengi wetu tunaupita tu tukienda kushughulikia karatasi? Jibu ni kwamba mwaka huu tuna shauri la kiwanja. Kibanda chetu cha kusomea kimechoka, turubai linavuja kila masika, na Kamati imegawanyika pande mbili. Upande mmoja unataka ijengwe nyumba ya kudumu kwa ajili ya vitabu. Upande wa pili unasema vitabu vya mkimbizi vikae ndani ya masanduku, maana hakuna ajuaye kesho. Kabla ya kukata shauri tumeona ni vema tujue vitabu vya mji mkuu wa nchi iliyotupokea vililala wapi, na vilipatwa na nini. Haya yafuatayo tumeyakusanya kwa kusoma na kwa kuwauliza wazee.

Kigali ni mji mchanga ukiulinganisha na miji ya pwani. Ulianzishwa mwaka 1907 na Mjerumani Richard Kandt, daktari na msafiri, aliyewekwa na serikali ya Kijerumani kuwa mwakilishi wake nchini Rwanda. Watu wa Kivu tuna sababu ya kumfahamu mtu huyu, kwa kuwa kabla ya kuja Kigali aliishi miaka kadhaa kando ya ziwa letu, upande wa Shangi, katika kituo chake alichokiita Bergfrieden. Mwaka 1898 alikuwa ameifuata Rukarara akisema ndiyo chemchemi ya mto Nile, na mwaka 1904 akatoa kitabu kikubwa cha safari zake, Caput Nili. Tunaweza basi kusema kwamba Kigali ulianzishwa na mwandishi wa vitabu. Nyumba yake ingali imesimama Nyarugenge, na tangu 2017 ni makumbusho yenye jina lake. Kabla ya hapo ilikuwa makumbusho ya viumbe na mawe ya nchi.

Lakini mwandishi mmoja hatoshi kuupa mji maktaba. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916 walifanya Usumbura kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi, na mambo ya elimu wakayapeleka Astrida, ambayo leo ni Huye, na ambayo wengi bado tunaiita Butare. Huko ndiko iliko shule kubwa ya kuwafunza makarani na wasaidizi wa madaktari, na huko ndiko lilikowekwa tawi la IRSAC, taasisi ya utafiti ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1947. Makao yake makuu yalikuwa kwetu Lwiro, juu ya Katana, mahali ambapo kila mtu wa Kabare anapajua. Magazeti na vitabu vya dini vilitoka Kabgayi, kwa mapadri. Gazeti la Kinyamateka lilianza kutolewa huko mwaka 1933. Kigali wakati huo ulikuwa kituo cha utawala, maduka machache ya Wahindi na Waarabu, na mtaa wa Waswahili pale Biryogo. Kulikuwa na gereza, ambalo watu wanaliita 1930 hadi leo kwa mwaka lililojengwa. Jela hiyo ilifungwa mwaka 2018, wafungwa wakahamishiwa Mageragere. Mji wa Kigali, kwa hiyo, ulikaa na gereza la umma miaka 82 kabla ya kupata maktaba ya umma. Hatusemi hivyo kwa dhihaka. Miji mingi ya Afrika iliyojengwa na wakoloni ukiipekua utakuta hesabu ya namna hiyo.

Uhuru ulipofika tarehe 1 Julai 1962, Kigali ulikuwa na watu wapatao 6,000 tu. Kambi nyingi za wakimbizi zina watu zaidi ya hao. Ulichaguliwa kuwa mji mkuu kwa sababu uko katikati ya nchi. Hata hivyo vitabu viliendelea kwenda kusini: Chuo Kikuu cha Taifa kilifunguliwa Butare mwaka 1963 kikiwa na wanafunzi 51, na maktaba yake ikawa kubwa kuliko zote nchini. Kigali ikapata wizara na balozi, na balozi zikapenda Kiyovu.

Kwa asiyeijua Kiyovu tueleze kidogo. Ni mteremko wa kilima cha Nyarugenge unaotoka katikati ya mji kuelekea chini. Juu kuna njia pana zenye miti mirefu, nyumba zenye bustani na kuta, mahoteli, nyumba za mabalozi na wakubwa wa serikali. Hotel des Mille Collines ilifunguliwa huko mwaka 1973 na shirika la ndege la Sabena la Ubelgiji. Chini, palipo na mtelemko mkali, palikuwa na vibanda vya udongo vya wapishi, walinzi, wafua nguo na wachuuzi. Wenyeji walipaita pa juu Kiyovu cha matajiri, na pa chini Kiyovu cha maskini, na majina hayo yalitumika wazi bila mtu kuona haya. Kutoka juu hadi chini ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Katika Kiyovu hii, karibu na mzunguko mkubwa wa barabara wa katikati ya mji, ndipo liliposimama jengo tunalolisimulia: Kituo cha Mabadilishano ya Utamaduni cha Ufaransa na Rwanda. Watu walikiita kwa kifupi Centre. Kilikuwa na ukumbi wa michezo na sinema, mahali pa maonyesho ya picha, na maktaba. Kwa muda mrefu, kijana wa Kigali aliyetaka kusoma kitabu ambacho si cha shule wala si cha kanisa, hapo ndipo pa kwenda. Kulikuwa na magazeti yaliyotoka Ulaya, riwaya, vitabu vya picha vya watoto, kamusi nene ambazo hakuna familia ya kawaida ingeweza kuzinunua. Wapo kati yetu waliosoma Kigali na kupata kadi ya uanachama pale. Wanachokumbuka zaidi ni ukimya. Mtu aliyetoka nyumba ya chumba kimoja yenye watoto saba aliweza kukaa mezani saa nzima asiitwe na mtu. Wengine walikwenda kwa sababu ya taa ya umeme jioni, wakimaliza masomo yao ya kesho. Wachezaji wa ngoma na michezo ya kuigiza walifanyia mazoezi huko, kwa kuwa mji haukuwa na ukumbi mwingine wa namna hiyo ulio wazi kwao.

Hapa inafaa tuseme jambo moja waziwazi. Ile haikuwa maktaba ya umma kwa maana kamili. Ilikuwa mali ya serikali ya nchi nyingine, iliyowekwa kwa ajili ya lugha ya nchi hiyo. Vitabu vilikuwa vya Kifaransa. Msomaji wa Kinyarwanda au wa Kiswahili alikuta rafu fupi sana. Mtoto wa Kiyovu cha maskini aliweza kuliona paa lake kila siku na asiingie hata mara moja, si kwa kuwa amekatazwa, bali kwa kuwa hakuwa na Kifaransa wala viatu. Lakini penye njaa hakuna anayeuliza sufuria ni ya nani. Mji ulikitumia Kituo kama maktaba yake, na baada ya miaka mingi watu wakasahau kwamba hati ya nyumba ina jina la mwingine.

Mwaka 1994 Kiyovu iliona mambo ambayo hatuwezi kuyapita kimya. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 7, na siku hiyohiyo wanajeshi kumi wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliuawa katika Camp Kigali, hatua chache kutoka mitaa tunayoitaja. Watu zaidi ya elfu moja walijificha katika Mille Collines wakinywa maji ya bwawa la kuogelea. Wengine walikimbilia kanisa la Sainte-Famille, na wengi wao hawakutoka salama. Wazungu walisafirishwa katika siku za kwanza kwa ndege za kijeshi, wafanyakazi wa balozi nao wakaondoka, milango ikafungwa. Katika nchi iliyopoteza walimu, mapadri, waandishi na wasomaji kwa idadi ile, kuzungumzia rafu za vitabu kunaweza kuonekana jambo dogo. Hata hivyo mwaka 1995 tu, nchi ikiwa bado na majeraha, mama mmoja, Agnès Gyr-Ukunda, alianzisha Bakame, nyumba ya kutoa vitabu vya watoto kwa Kinyarwanda. Kwa hiyo hata wakati huo kulikuwa na mtu aliyeona kwamba watoto waliobaki wanahitaji kitabu kwa lugha yao.

Kituo cha Kiyovu kilifunguka tena baada ya vita, na wasomaji wakarudi. Ikaja Novemba 2006. Jaji mmoja wa Paris, Jean-Louis Bruguière, alitoa hati za kuwakamata wakuu tisa wa karibu na Rais wa Rwanda, kuhusu kuangushwa kwa ndege ya Rais Habyarimana. Serikali ya Rwanda ikavunja uhusiano na Ufaransa tarehe 24 Novemba. Balozi alipewa saa 24 kuondoka, wafanyakazi wake saa 72. Shule ya Kifaransa ikafungwa, Kituo kikafungwa, redio ya RFI ikanyamazishwa. Sisi si wanasiasa wala hatuandiki hapa kuhukumu ugomvi wa serikali mbili. Rwanda ilikuwa na madai mazito kuhusu yale Ufaransa iliyoyafanya kabla ya 1994 na wakati wa 1994, na mwaka 2021 tume ya wanahistoria wa Ufaransa wenyewe ilikiri kwamba nchi yao ina wajibu mzito katika jambo hilo. Tunachotaka msomaji akione ni kijana aliyekuwa ameazima kitabu wiki ile. Aliamka asubuhi akakuta hana pa kukirudisha.

Uhusiano ulirudi mwisho wa Novemba 2009, Rais Sarkozy akazuru Kigali Februari 2010, na Kituo kikafungua milango yake tena mwaka huo. Hakikudumu. Mwaka 2014, mwaka wa maadhimisho ya miaka 20, nchi mbili zikagombana upya, na katika mwaka huohuo nyumba ikabomolewa. Wakuu wa mji walisema kiwanja kile hakitumiwi kama mpango mkuu wa mji unavyotaka. Wengine walisema ni siasa. Inawezekana sababu zote mbili zilikutana mahali pamoja, kama mara nyingi inavyokuwa katika habari za viwanja. Shughuli za Kituo ziliendelea bila nyumba, leo katika ukumbi huu, kesho katika ule, hadi tarehe 27 Mei 2021 Rais Macron alipofungua Kigali kituo kipya, ambacho sasa kinaitwa cha nchi zote zinazosema Kifaransa. Kituo hicho hakikurudi kwenye kiwanja cha zamani.

Wenzetu wa Kiyovu cha chini walikuwa wametangulia kuondoka. Mwaka 2008 mtaa wa maskini ulisafishwa kwa mujibu wa mpango mpya wa mji, na familia nyingi zikahamishiwa Batsinda, mbali na kazi zao za mjini. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilikaa miaka mingi ikiota majani. Sisi wakimbizi tunaelewa maana ya kuambiwa kwamba mahali ulipolala si mahali pako. Tunaelewa pia kwamba mji unaokua kutoka watu 6,000 hadi 1,745,555 waliohesabiwa mwaka 2022 hauwezi kubaki ulivyokuwa. Mambo haya mawili tunayajua, na hatujui namna ya kuyapatanisha.

Basi maktaba ya umma ya kweli ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu wa kawaida, yaani watu wenye uwezo kiasi lakini si serikali. Mwaka 2000 wanachama wa klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga waliona aibu kwamba nchi nzima haina maktaba moja ya umma, wakaanza kuchanga. Walipata marafiki Marekani na kwingineko waliowasaidia kukusanya fedha na vitabu. Kazi ilikwama mara nyingi kwa kukosa pesa, kuta zikasimama zikisubiri paa. Serikali ikaongeza mkono wake. Kigali Public Library ilifunguliwa Oktoba 2012, Kacyiru, karibu na ubalozi wa Marekani. Tangu kufikiriwa hadi kufunguliwa ni miaka 12. Ni jengo la ghorofa lenye vyumba vya watoto, kompyuta na meza za wanafunzi, na siku za mitihani ni shida kupata kiti.

Tulinganishe na majirani ili tusidhani Rwanda peke yake ilichelewa. Dar es Salaam ilipata Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe, miaka sita tu baada ya uhuru, kwa kuwa serikali ilikuwa imetunga sheria ya maktaba mapema na kuifanya kazi ya taifa. Nairobi ilikuwa na jengo zuri la nguzo za mawe, McMillan Memorial Library, tangu 1931. Lakini kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Kwa hiyo kuwa na nyumba mapema si hoja yenyewe. Nairobi ilikuwa na nyumba na haikuwa na maktaba ya watu. Kiyovu ilikuwa na wasomaji, na nyumba haikuwa yao.

Lwiro kwetu ni habari nyingine. Ile maktaba ya IRSAC, yenye vitabu vya madini, mimea, matetemeko na mila za watu wa Kivu, ingali pale. Imepitia vita vyote tunavyovijua sisi tuliovikimbia. Serikali zimebadilika, jina la taasisi limebadilika, mishahara imekosekana, na wafanyakazi wameendelea kufungua milango. Majengo yale ni imara, hilo ni kweli, yalijengwa kwa mawe na kwa fedha nyingi za mkoloni. Lakini jiwe halizuii mtu mwenye nia ya kupora. Vitabu vya Lwiro vilibaki kwa sababu watu waliovitunza ni wa palepale, na hawakuondoka.

Wenye hoja ya masanduku nao wana mifano yao, tena mizuri. Mwaka 2014, mwaka uleule Kituo cha Kiyovu kilipovunjwa, shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka maktaba za masanduku katika kambi za Wakongomani nchini Burundi, kwanza Kavumu na Bwagiriza. Vitu vyote vinaingia katika masanduku yenye rangi, yanayobebwa juu ya majukwaa mawili ya mizigo. Yakifunguliwa yanakuwa meza, viti, rafu za vitabu, kompyuta na sinema, na kazi hiyo inachukua kama dakika 20. Kigali nako Ishyo, kikundi cha sanaa kilichoanzishwa na wanawake mwaka 2007, akiwemo mwigizaji Carole Karemera, kilitembeza vitabu vya watoto kwa basi. Vitabu hivyo havikuogopa mpango mkuu wa mji. Na nani kati yetu anaweza kusema kwamba wanaokumbusha Gihembe wanakosea? Kambi ile ilikuwa na shule, makanisa na miaka zaidi ya 20 ya maisha, ikafungwa mwaka 2021 kwa sababu ya makorongo na ardhi inayoporomoka, watu wakahamishiwa Mahama. Kuta za udongo zilibaki nyuma.

Kuna tena jambo la lugha. Mwaka 2008 Rwanda iligeuza masomo kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mwaka 2017 Kiswahili kikawa lugha rasmi. Watoto wetu wanasoma Kiingereza shuleni, wanasali kwa Kiswahili, na nyumbani wanasema Kinyarwanda, Kinyamulenge, Kihunde au Kishi. Wazee wao walisoma Kifaransa. Rafu ya lugha moja, hata ikiwa ndefu, itamwacha mtu nje. Katika kibanda chetu vitabu vinavyoombwa zaidi ni vya hadithi za Kiswahili, na ndivyo vichache kuliko vyote, kwa sababu wafadhili hutuletea walicho nacho.

Baada ya kuyapima haya katika vikao vitatu, Kamati imefikia maelewano, si kwa kauli moja lakini kwa wengi. Nyumba itajengwa katika kiwanja kilicho nyuma ya kisima cha pili, ikiwa tutapewa kibali. Msingi utakuwa wa mawe, ambayo vijana wameahidi kuyabeba, kuta za rukarakara, na mabati yatoke katika mchango wa kila kaya pamoja na msaada tutakaouomba. Daftari la vitabu litaandikwa kwa jina la jumuiya, wala si la shirika lolote, hata litakalotoa fedha nyingi. Watunzaji watakuwa wanne, wawili wanawake, na ufunguo utakaa kwa wawili. Ndani hapatakuwa na rafu za kupigiliwa ukutani. Vitabu vitakaa katika masanduku ya mbao yaliyosimamishwa wima, yenye vifuniko na mikanda ya kubebea, na mafundi seremala wa kijiji cha tatu wamekwisha kutengeneza la kwanza, ambalo linaingia vitabu 60 na kubebwa na watu wawili. Mlango tumeomba uwe na upana wa mita moja na nusu, ili sanduku lipite bila kuinamishwa.